Kinachowapotezea Alama Si Maneno Mazito

Matokeo ya Kiingereza yakisomwa kwenye mkutano wa wazazi hapa Isiolo, maneno yanayofuata huwa yaleyale. Mzazi mmoja huuliza mbona wanetu hawana msamiati. Mwingine humjibu kabla mwalimu hajasimama: ni Kiborana wanachoongea bwenini, ni simu, sisi ni watu wa mifugo, shule haiwapi orodha ya maneno wakahifadhi. Nafundisha Kiingereza katika shule ya upili mjini hapa, na madai haya nayasikia hata katika chumba cha walimu, kutoka kwa watu ninaowaheshimu sana. Nayajibu kwa sababu ndiyo yanayoamua kijana atumie vipi jioni zake tangu anaporipoti shuleni hadi siku ya mtihani wa KCSE, na inaniuma kuona jioni hizo zikiishia kwenye kazi isiyozaa.

“Ahifadhi maneno mazito, insha itang'ara.”

Hili ndilo dai lenye wafuasi wengi. Wanafunzi wana madaftari madogo yaliyojaa maneno wanayoyaita “bombastic”, na hunakiliana hadi usiku wa kuamkia mtihani. Ukisoma insha iliyotoka kwenye daftari la aina hiyo utaona tatizo lilipo. Ninayo moja mbele yangu. Jua la Isiolo, ambalo hakuna asiyelijua, limeitwa “the incandescent celestial orb”. Mama hakwenda sokoni, “ambulated”. Kisha mwandishi akafika kwenye kisa chenyewe, pale mbuzi walipovuka mto wakapotelea ng'ambo, akakwama. Aliandika: “the goats lost at the other of the river”. Ana “orb”, hana “across”. Ana “ambulate”, hana “get lost”. Kisa kilikuwa kizuri sana. Nakijua kwa sababu alinisimulia kwa Kiswahili baada ya kipindi, lakini karatasi haikuweza kukibeba.

Tupige hesabu. Kiingereza katika KCSE kina alama 200: karatasi ya kwanza 60, ya pili 80, ya tatu 60. Insha ya kubuni, ambayo ndiyo uwanja pekee ambapo maneno hayo mazito yanategemewa kufanya kazi, ina alama 20. Hata kama yangefanya kazi, na hayafanyi, kijana angekuwa ameelekeza nguvu zake zote kwenye sehemu moja kwa kumi ya mtihani. Upande wa pili kuna kile kifungu chenye mapengo katika karatasi ya kwanza, alama 10 kwa mapengo 10. Ni maneno gani huondolewa pale? Mengi ni yale madogo yasiyoingia kwenye daftari la mtu yeyote: “in”, “of”, “although”, “which”, “despite”. Mpe mwanafunzi wa kidato cha tatu sentensi hii ajaze: “The herders set off ___ search of water, ___ though rain had been forecast.” Anajua wafugaji, anajua maji, anaijua safari yenyewe kuliko mtu aliyetunga swali. Anapoteza alama kwa “in” na “even”.

Wanafunzi hunitajia Profesa PLO Lumumba: mbona yeye huzungumza kwa maneno makubwa na watu wakampigia makofi? Nawaambia wamsikilize tena, safari hii wakifuata sentensi badala ya neno. Sentensi zake zimenyooka kwanza. Neno kubwa linakuja mahali palipoandaliwa, na limetoka kwenye vitabu alivyosoma akavielewa.

Wataalamu waliochunguza maneno yapi yafaa kujifunzwa kwanza walihesabu maneno yanayotokea kwa wingi katika maandishi halisi. Mwaka 1953 Michael West, aliyewahi kufundisha Bengal, alichapisha orodha ya maneno kama 2,000 ya kawaida. Peke yake hufunika takriban asilimia 80 ya maneno katika maandishi mengi ya Kiingereza. Mwaka 2000 Averil Coxhead wa New Zealand aliongeza orodha ya familia 570 za maneno ya kitaaluma, mfano “require”, “factor”, “significant” na “consist”, ambazo hufunika karibu asilimia 10 ya matini za masomo. Maneno hayo hayamfanyi mtu asifiwe darasani. Lakini yamo katika kitabu cha Jiografia, cha Biolojia na cha Biashara, ukurasa baada ya ukurasa, na mwanafunzi anayeyajua nusunusu anavisoma vitabu vyote hivyo nusunusu. Kama ni lazima shule itoe orodha, ianzie hapo.

“Watoto wetu wanahifadhi Qurani, kamusi itawashindaje?”

Hoja hii ni ya kwetu hasa, na nimeisikia kwa mzee mmoja aliyeisema kwa fahari inayostahili. Ni kweli. Katika madarasa yetu wamo vijana waliobeba juzuu nyingi kifuani tangu wakiwa wadogo. Uwezo wao wa kuhifadhi hauna ubishi. Ila tuangalie kinachofanyika duksi, yaani chuo cha Qurani, kabla hatujakifanya hoja ya kubeba kamusi.

Mtoto wa duksi hapewi maneno yaliyotawanyika. Anapewa aya zinazofuatana, zenye mkondo na mahadhi, kila moja ikiivuta inayofuata. Anaziandika kwenye loho, ubao wake wa mti, kwa mkono wake. Anamsikia maalim akizisoma, anazirudia kwa sauti mpaka ulimi uzizoee, na akikosea anasahihishwa palepale. Kesho haanzi somo jipya kabla ya kusikilizwa la jana. Juma likiisha anarudi nyuma kwenye ya juma zima, na aliyemaliza juzuu haachi muraja'a, yaani kurudia aliyohifadhi, kwa sababu anayeacha husahau, na kila maalim analijua hilo bila kusoma kitabu cha saikolojia.

Sasa linganisha na kile tunachokiita kuhifadhi msamiati. Maneno 20 ubaoni siku ya Jumatatu, kila moja na maana yake. Jaribio siku ya Ijumaa. Jumatatu nyingine, mengine 20, na yale ya kwanza hayarudi tena. Mjerumani Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe kwa kuhifadhi silabi zisizo na maana, na mwaka 1885 akachapisha alichokiona: sehemu kubwa ya alichohifadhi ilipotea ndani ya siku moja, na kilichoirudisha ni marudio yaliyoachiana nafasi. Neno la Kiingereza lisilo na sentensi wala kisa halina tofauti kubwa na zile silabi zake.

Kwa hiyo mzee yule ana haki, ila hoja yake yafaa kugeuzwa. Tuchukue utaratibu wa duksi, tusichukue tu sifa ya kifua. Mwanafunzi aandike neno ndani ya sentensi nzima aliyokutana nayo, alisome kwa sauti, kesho yake alirudie, baada ya juma alirudie, baada ya mwezi mwalimu alichomeke kwenye zoezi la jambo jingine kabisa. Maneno 7 kwa juma yaliyopitia njia hiyo hukaa. Yale 20 ya ubaoni, muhula ukiisha, hakumbuki hata kuwa alifundishwa.

“Lugha ya mama ndiyo inayoua Kiingereza.”

Bado kuna shule nchini ambako mwanafunzi akinaswa anaongea lugha ya kwao hukabidhiwa diski, aizungushe mpaka amnase mwenzake, na jioni wote walioishika waadhibiwe. Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyefariki Mei 2025, alieleza mwaka 1986 katika Decolonising the Mind jinsi kitu cha namna hiyo kilivyotumiwa shuleni kwake miaka ya 1950. Imepita miaka kama 70, na tunaona aibu kuacha. Mwaka 1953 UNESCO ilishauri watoto waanze masomo kwa lugha wanayoijua. Ripoti ya Gachathi ya 1976 iliweka utaratibu tunaoufuata hadi leo katika sera: lugha inayotawala katika eneo la shule itumike miaka ya mwanzo, kisha Kiingereza kishike nafasi. Sera hiyo haisemi popote lugha ya mama ifukuzwe ili Kiingereza kiingie.

Mwanafunzi aliyetoka Merti au Garbatulla ananijia na mwaka uliogawanyika tayari kichwani: ganna, adolessa, hagaya, bona. Anajua mvua ipi inaotesha majani ya ng'ombe na ipi haitoshi. Anajua mnyama gani huuzwa kwanza ukame ukianza, na kwa nini. Msomali aliyekaa dawati la pili ana gu', xagaa, dayr na jilaal, na wakianza kubishana kama jilaal na bona ni kitu kimoja, hicho ni kipindi cha Jiografia kinachoendelea bila mwalimu. Kati yao kuna Mturkana mkimya, ambaye akiulizwa husema jambo ambalo wenzake hawakulijua. Nikiwaletea “drought”, “scarcity”, “migrate” na “pasture” saa hiyo, sianzi kuwafundisha maana. Maana wanayo, pana kuliko ya kamusi. Nawapa sauti na tahajia, na nawaonyesha neno linavyokaa kwenye sentensi. Nikiwafungia vinywa kwa diski nimezima kile ambacho kingelishika neno jipya.

Naikubali sehemu ya lawama. Kama Kiingereza pekee anachokisikia kijana ni dakika 40 za kipindi changu, hakitatosha. Lakini hilo linatibiwa kwa kuongeza Kiingereza: mdahalo wa kila juma, habari asomazo mwanafunzi gwarideni, maigizo ya kitabu teule. Kumwadhibu kwa Kiborana hakumwongezei neno hata moja la Kiingereza. Kunamwongezea kimya, na mwanafunzi aliyenyamaza ndiye mgumu kuliko wote kufundisha.

“Kiingereza kina wenyewe.”

Wenyewe ni nani? Mmoja wa waandishi waliosomwa sana duniani kwa Kiingereza katika karne iliyopita aliishi hapahapa Isiolo. Joy Adamson alizaliwa mwaka 1910 Troppau, katika himaya ya Austria, na lugha aliyokulia ni Kijerumani. Mumewe, George, alikuwa ofisa wa wanyamapori wa eneo la mpaka wa kaskazini na makao yao yalikuwa mjini huu. Simba waliyemlea tangu 1956, Elsa, alikulia kwao, na Born Free ilitoka mwaka 1960. Wahariri wa London walimsaidia, kama wahariri wanavyomsaidia kila mwandishi. Kiingereza cha kitabu hicho ni chepesi, maneno ya kawaida kuhusu mto, joto, nyayo na mnyama anayependwa. Nashangaa kwamba watoto wengi wa Isiolo wanamaliza shule bila kukishika mkononi. Nchi inayoelezwa mle ni yao, na nusu ya mambo ya ukurasani wameyaona kwa macho.

“Hatuna maktaba kama za Nairobi, basi hakuna la kufanya.”

Uhaba ni wa kweli na sitaupamba. Lakini tusiutumie kujifungia mlango.

Mwaka 1983 Warwick Elley na Francis Mangubhai walichapisha matokeo ya jaribio walilofanya katika shule za msingi za vijijini Fiji. Kiingereza kule ni lugha ya pili, na shule hizo zilikuwa na vitabu vichache mno. Madarasa yaliyochaguliwa yaliletewa vitabu vya hadithi vipatavyo 250, vya kuvutia na vyenye picha, na watoto wakaachwa wasome au wasomewe. Baada ya miezi minane walikuwa wamepiga hatua mara mbili ya kawaida katika kusoma na kuelewa. Vitabu 250 vinaingia kwenye kabati moja. Na majirani zetu wa Garissa walionyesha tangu 1996, shirika la maktaba za taifa, KNLS, lilipoanza kuwapelekea wafugaji vitabu kwa ngamia, kwamba umbali wa barabara si sababu ya mtoto kukosa hadithi.

Kinachohitajika zaidi ni kuchagua vitabu vya kiwango kinachofaa, na hapa walimu tuna kazi ya kufanya. Uchunguzi wa kusoma katika lugha ya pili unaonyesha kwamba mtu husoma kwa raha bila msaada akikutana na neno geni moja tu katika kila maneno 50 hivi. Likiwa moja katika kila 10, hasomi tena, anafukua. Wengi wanaoingia shule ya upili hapa, nikiwapa kitabu teule siku ya kwanza, wanafukua. Wape hadithi za madarasa ya juu ya msingi. Wataona haya wiki ya kwanza. Wiki ya tatu wanagombania nakala. Kipindi vitabu teule vilipokuwa na Blossoms of the Savannah ya Henry ole Kulet, riwaya ya wasichana wawili wa jamii ya Wamaasai, niliona wasichana wa kwetu wakiisoma kabla haijafundishwa, kwa sababu yaliyowapata Taiyo na Resian waliyaelewa nyumbani kwao. Msomaji aliyeshikwa na kisa huvuka maneno mageni na huyarudia bila kuamrishwa.

Hakuna njia nyingine ya kufikia idadi ya maneno inayotakiwa. Paul Nation, mtafiti wa New Zealand, alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya au gazeti la Kiingereza bila kukwama kunataka familia za maneno 8,000 hadi 9,000. Gawanya 8,000 kwa miaka minne: ni 2,000 kwa mwaka, zaidi ya 5 kila siku, likizo zikiwemo. Hakuna mwalimu anayeweza kufundisha hivyo ubaoni. Kusoma kunaweza, kwa sababu ukurasa mmoja unamrudishia msomaji mamia ya maneno anayoyajua nusu na kuyakamilisha kidogo kidogo.

Simu nazo? Zitasaidia kwa aliye nayo likizoni, akisoma au akisikiliza taarifa kamili. Vipande vya sekunde chache havimpi sentensi ya kutosha kujifunza chochote.

“Hiyo ni kazi ya mwalimu wa Kiingereza.”

Dai hili hutoka kwa walimu wenzangu, na ndilo linalowagharimu watoto alama nyingi kuliko yote niliyotaja. Mtahiniwa wa KCSE hufanya masomo yasiyopungua 7, na ukiondoa Kiswahili na lugha nyingine kama Kiarabu, yote yanaulizwa kwa Kiingereza, hata Elimu ya Dini ya Kiislamu. Kundi la kwanza la mtaala mpya, lililoingia gredi ya 10 mwaka 2026, limegawanywa kwenye njia tatu za masomo, na Kiingereza kinawafuata kote.

Chukua swali la Biolojia linaloanza kwa “Account for”. Mwanafunzi anaona “account”, anakumbuka somo la Biashara, anaanza kuorodhesha. Aliulizwa sababu, akatoa orodha. Biolojia yake ilikuwa sawasawa. “State” anaiandikia aya nzima na kupoteza muda. “Describe” anaijibu kwa neno moja na kupoteza alama. “Explain” na “describe” anazijibu kwa namna moja. Katika Hisabati, “hence or otherwise” humwacha amesimama kana kwamba ni sehemu ya fomula. Kisha kuna maneno yanayobadilika kila kengele ikilia. “Solution” ya Kemia imo kwenye chupa, ya Hisabati ni jibu, ya Jiografia ni dawa ya tatizo. “Culture” ya Biolojia inakua kwenye kisahani cha maabara, ile ya Historia ni mila. “Power” ina Fizikia yake, Hisabati yake na siasa yake. Mimi siwezi kuyafundisha hayo yote katika kipindi changu, kwa sababu neno hushika maana pale linapotumika, na halitumiki kwangu. Mwenye chupa mkononi ni mwalimu wa Kemia.

Wenzangu hunijibu kwamba silabasi haijaisha, na mtihani wa mwigo uko mlangoni. Najua, yangu pia haijaisha. Ninachoomba ni dakika 5 kati ya zile 40. Maneno matatu ya somo la siku yaandikwe kwenye pembe ya ubao, yasomwe kwa sauti na darasa zima, kila moja litumiwe katika sentensi ya somo hilohilo, na kipindi kinachofuata kianze kwa kuyauliza. Mwalimu akijua neno kwa Kiswahili au Kiborana, alitaje bila woga. Na wakuu wa idara wakae pamoja mara moja kila muhula, na karatasi za mtihani uliopita zikiwa mezani, watie alama kila swali ambalo mwanafunzi alilijua somo lake lakini hakulielewa lilivyoulizwa. Wakimaliza waniletee karatasi hizo. Ningependa kipindi changu cha juma linalofuata kianzie kwenye maswali hayo, kabla sijafungua kitabu kingine chochote.